Betri za kuchaji ndani ya kamera za filamu: volti 1.2 inatosha wapi, na wapi inaharibu

Ubavuni mwa betri ya kawaida ya AA pameandikwa volti 1.5. Ubavuni mwa betri ya kuchaji yenye umbo hilohilo pameandikwa 1.2. Ukifungua mfuniko wa kamera ya filamu iliyotoka kiwandani miaka 40 iliyopita, unakuta mchoro mdogo unaodai betri mbili za 1.5. Mtu anapiga hesabu: mbili za kawaida ni volti 3, mbili za kuchaji ni 2.4, basi volti 0.6 imeshapotea kabla ya picha ya kwanza. Hesabu hiyo ndiyo inayowafanya wapiga picha wengi hapa Lubumbashi, kuanzia wazee wa studio za komini ya Kenya, sehemu ya mji huu, hadi vijana waliookota kamera kwenye sanduku la babu, waendelee kununua betri za kutupa. Kwenye karatasi hesabu ni sahihi. Ila kamera haijawahi kula betri ya kwenye karatasi.

Kijana akiniuliza, "Yaya, hii apareyi (kamera) itakubali hizi pile (betri) za kuchaji?" mimi humrudishia swali: apareyi yako inaitumia pile kufanya nini? Kuna kamera ambayo betri inazungusha mota na kujaza flashi. Kuna ambayo betri inaamsha tu saketi ya shata, yaani kile kipazia kinachofunguka kuruhusu mwanga ufike kwenye filamu. Na kuna ambayo betri haifanyi kazi yoyote isipokuwa kusogeza mshale wa kipima-mwanga. Jibu hutegemea hilo kuliko namba iliyoandikwa ubavuni.

Tuanze na AA, kwa sababu hapo ndipo habari njema ilipo.

Zile volti 1.5 ni za betri mpya iliyotulia, isiyosukuma chochote. Alkalini, yaani hiyo betri ya kawaida ya kutupa, ikitoka kwenye pakiti hupima karibu 1.6. Ikianza kazi hushuka mfululizo: 1.4, 1.3, 1.2, 1.1, hadi inapokaribia 0.9 na kutupwa. Sehemu kubwa ya maisha yake inapita chini ya 1.3. Mhandisi aliyechora kamera ya AA alilijua hilo vizuri. Asingethubutu kuuza kamera inayozimika wakati betri bado ina nusu ya nguvu zake, kwa hiyo aliipa uvumilivu wa kufanya kazi hadi kwenye 1.1 kwa kila betri, au chini kidogo. Betri ya kuchaji ya nikeli-hidridi, ile yenye herufi NiMH, hutoka kwenye chaja ikiwa na 1.4 hivi, hushuka upesi hadi kama 1.25, kisha hukaa hapo karibu maisha yake yote. Mwishoni huporomoka ghafla. Yaani betri inayodharauliwa kwa 1.2 yake huishi muda wote juu ya kiwango ambacho alkalini hukifikia katikati ya safari.

Na bado hatujaweka mzigo. Kila betri ina ukinzani wake wa ndani. Chukua bidoni mbili zilizojaa maji sawa, moja ina mdomo mwembamba na nyingine mdomo mpana. Ukizipindua utajua tofauti kabla hujamaliza kuhesabu. Alkalini ya AA ikiwa mpya ina ukinzani wa ndani wa karibu omu 0.2. Nikeli-hidridi nzuri ina kama 0.03. Flashi inapoanza kujaa huvuta ampea 2 au zaidi. Zidisha: alkalini inapoteza volti 0.4 ndani ya tumbo lake yenyewe, na 1.5 yake inakuwa 1.1. Nikeli-hidridi inapoteza 0.06, na 1.25 yake inakuwa 1.19. Mbili kwa mbili, kamera inapata 2.2 kutoka kwa zile "zenye nguvu" na karibu 2.4 kutoka kwa zile "dhaifu". Ndiyo maana mwenye flashi ya zamani kama Vivitar 283, inayotumia AA nne, akibadilisha kwenda betri za kuchaji hushangaa jinsi taa ya kuonyesha iko tayari inavyowaka mapema.

Kuwaka mapema huko kuna bei yake. Betri ikichelewesha flashi, inaipa pia nafasi ya kupoa. Kwenye sherehe ya harusi ambapo kila shangazi anataka picha yake na bibi harusi, mtu anaweza kupiga flashi kwa nguvu zote mfululizo, na betri za kuchaji zikairuhusu hadi plastiki ya mbele ya taa inaanza kugeuka rangi au kuyeyuka. Ukisikia harufu, pumzika. Ukiweza, weka flashi kwenye hali ya otomatiki ili isimwage nguvu zote kila mara.

Kamera zenyewe za kundi hili ni nyingi: Canon T50 ya 1983 na T70 ya 1984, Nikon L35AF ya 1983, na kamera nyingi ndogo za familia za miaka ile ambazo flashi yake inainuka juu. Upande wa wakubwa kuna Nikon F4, F5 na F100. Kwa F5 ya 1996, inayobeba AA nane, Nikon wenyewe waliuza pakiti ya nikeli-hidridi, kwa hiyo hapo hakuna cha kubishania. Vitabu vya maelekezo vya kamera na flashi za zamani zaidi wakati mwingine vinakataza betri za kuchaji, lakini angalia vilichapishwa lini. Zilizokuwa zinakatazwa ni za nikeli-kadimiamu, kizazi kilichotangulia, kilichokuwa na uwezo mdogo. Sababu nyingine bado ina mashiko: ukinzani mdogo wa ndani maana yake ni kwamba waya mbovu ikigusana na nyingine, mkondo unaopita ni mkubwa na unaweza kuichoma. Kamera yenye kutu ndani isafishwe kwanza.

Kutu ndiyo sababu yangu kubwa ya kupenda nikeli-hidridi kwenye vyombo vya zamani, kuliko hata pesa. Alkalini iliyosahauliwa huvuja. Maji yake ni potasiamu hidroksidi, yanakula vibati vya shaba, yanapanda kwenye waya, na mara nyingi kamera inayoletwa kwa fundi kama "imekufa" imeuawa na betri ya faranga mia chache iliyoachwa ndani tangu ubatizo wa mtoto ambaye sasa yuko chuo. Tone la siki au ndimu kwenye pamba linaondoa ule unga mweupe kama bado haujala chuma. Nikeli-hidridi nayo ina maji ya aina hiyohiyo, lakini imefungwa vizuri zaidi na ni nadra kuvuja.

Sasa kasoro zake, maana zipo. Ya kwanza ni kipimo cha betri. Kile kitaa au kile kidirisha kinachosema betri imejaa, nusu, imekwisha, kilitengenezwa kusoma mteremko wa alkalini. Nikeli-hidridi haina mteremko. Kamera itakuambia "nusu" siku ya kwanza, itaendelea kusema "nusu", halafu itakuambia "imekwisha" ikiwa katikati ya kurudisha filamu. Nyingine, zenye kipimo kikali, zitalalamika hata betri ikiwa imetoka kwenye chaja asubuhi hiyo, na bado zitapiga filamu nzima bila shida. Dawa ni kutembea na seti ya pili iliyochajiwa.

Ya pili ni kuisha bila kutumika. Nikeli-hidridi za zamani hupoteza sehemu kubwa ya chaji ndani ya mwezi hata zikiwa kabatini, na filamu ya picha 36 kwa mtu asiye na haraka inaweza kukaa ndani ya kamera muda mrefu kuliko huo. Hali ilibadilika mwaka 2005 Sanyo walipotoa Eneloop, iliyoahidi kubaki na asilimia 85 baada ya mwaka mzima. Leo aina hiyo inatengenezwa na kampuni nyingi, na hutambulika kwa maneno yanayosema imechajiwa tayari kutoka kiwandani. Kwa kamera ya filamu, hiyo ndiyo ya kununua, hata kama uwezo wake ulioandikwa, karibu mAh 2000 (mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), ni mdogo kuliko wa jirani yake kwenye meza ya muuzaji.

Kuhusu huyo jirani. Sokoni, hasa kwenye bidhaa zinazoingia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, utaona AA za kuchaji zenye maandishi ya mAh 4000, 5000 na kuendelea. Hakuna AA ya nikeli-hidridi yenye uwezo huo. Za kweli hugota karibu na 2800. Kama unaweza kufikia mizani ndogo, ipime: AA halali ya aina hii ina uzito wa gramu 26 hadi 31. Ya gramu 15 imejaa hewa na maneno. Zile kubwa za kweli za 2700 nazo zina udhia wake, kwani baadhi ni nene kidogo na hukwama kwenye vyumba vya betri vya kamera za zamani, hata kuzitoa ni kwa kisu.

Hapa kwetu kuna jambo jingine ambalo maelekezo ya chaja hayalisemi. Chaja za bei nafuu hazijui kama betri imejaa. Zina saa ndani yake, zinahesabu masaa kadhaa kisha zinazima. Umeme wa SNEL, shirika letu la umeme, ukikatika na kurudi, ile saa inaanza upya kutoka sifuri. Delestaji tatu kwa usiku mmoja na betri iliyokuwa imebakiza saa moja kujaa inachajiwa hadi inachemka. Betri nyingi zinazodaiwa kuwa "za uongo" ziliuawa hivyo. Tafuta chaja inayofuatilia kila betri peke yake na kusikiliza volti: nikeli-hidridi ikijaa, volti yake hushuka kidogo sana, milivolti chache tu, na chaja nzuri hukamata dalili hiyo na kukata. Chaja za aina hiyo zinazotumia waya wa USB zinafaa zaidi mjini kwetu kwa sababu zinakubali paneli ya jua. Ukigusa betri ikiwa imejaa na ukaikuta ya uvuguvugu, sawa. Ikikuchoma vidole, hiyo chaja si rafiki.

Ndani ya hizo betri, tukiwa bado hapo, kuna nikeli na kobalti kidogo. Mtu wa Katanga anaponunua betri iliyotoka Asia kwa bei ya Asia, huenda ananunua udongo wa migodi ya Kolwezi uliotembea sana. Tuyaache.

Betri za saa na kivuli cha zebaki

Kamera nyingi zinazopendwa na wanaoanza filamu hazitumii AA kabisa. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ina kidonge kimoja, yaani betri ndogo ya duara, cha LR44, na kazi yake ni kipima-mwanga peke yake. Nikon FM2 ya 1982 ni hivyohivyo: betri ikifa, shata inaendelea kufanya kazi kwa chemchemi zake, wewe unakadiria mwanga kwa macho. Canon AE-1 ya 1976 haina huruma hiyo. Bila betri yake ya volti 6 shata haifunguki.

Kwenye kundi hili sina maneno mengi juu ya kuchaji: usihangaike. Mkondo unaotumika ni mdogo kiasi kwamba kidonge kimoja hudumu kwa miezi mingi, mara nyingi kupita mwaka, ukikumbuka kufunika lenzi ya K1000 ambayo haina swichi ya kuzima kipimo. Vidonge vya kuchaji vya lithiamu vinavyofanana kwa umbo hutoa karibu volti 3.6, zaidi ya maradufu ya kinachotakiwa. Ukitaka kutumia pesa vizuri, acha LR44 ya alkalini na ununue SR44 ya oksidi ya fedha. Ina 1.55, na hubaki kwenye 1.55 hadi karibu na mwisho, wakati alkalini inateremka na kuuvuta mshale wa kipimo pamoja nayo.

Na hapa ndipo volti, ambayo kwenye mota na flashi tuliweza kuipuuza, inapogeuka kuwa jambo la uhai. Kabla ya miaka ya 1990 kamera nyingi zilitumia vidonge vya zebaki, PX625 na ndugu zake, vyenye volti 1.35 isiyotikisika. Baadhi ya watengenezaji waliitegemea kama rula: kipima-mwanga kilisawazishwa kwa 1.35 kamili bila saketi yoyote ya kusahihisha. Canonet QL17 G-III ya 1972 ni mfano unaojulikana. Marekani ilipitisha sheria dhidi ya betri hizo mwaka 1996, Ulaya nayo ikazipiga marufuku, na mwaka 2013 mataifa yakakubaliana juu ya Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Ni sawa kabisa. Ukikuta kidonge cha zamani ndani ya kamera, usikitupe motoni wala kwenye shimo la takataka la nyumbani.

Madukani kumebaki PX625A, yenye umbo lilelile na herufi moja ya ziada. Herufi hiyo inamaanisha alkalini ya 1.5. Ukiiweka, kipimo kinadhani mwanga ni mwingi kuliko ulivyo, na filamu inapata mwanga pungufu, wakati mwingine hatua nzima (yaani nusu ya mwanga unaohitajika) au zaidi. Kibaya zaidi, kosa halitulii: linabadilika jinsi betri inavyozeeka, kwa hiyo huwezi kulifidia kwa kubadili namba ya kasi ya filamu (ISO) kwenye kamera mara moja na kusahau. Filamu ya rangi ya negativu husamehe mwanga uliozidi. Mwanga uliopungua haisamehe.

Njia za kutoka ni mbili zinazoaminika. Moja ni kidonge cha zinki-hewa cha visaidizi vya kusikia, namba 675, chenye kibandiko cha buluu. Kinatoa karibu 1.4, na kwa kuwa ni chembamba kuliko PX625 (milimita 11.6 dhidi ya 15.6), utakizungushia pete ya mpira au karatasi ngumu ili kisicheze. Ukishabandua kibandiko, hewa inaingia na uhai wake unaanza kuhesabiwa, utumie usitumie. Na kwenye kiangazi chetu kikavu cha Juni hadi Agosti kinakauka haraka zaidi. Ya pili ni kikombe chenye dayodi ndogo ndani, kinachopokea kidonge cha oksidi ya fedha na kukipunguza kutoka 1.55 hadi karibu 1.35. Ni ghali mara moja, kisha unapumzika. Halafu kuna kamera kama Pentax Spotmatic ya 1964, ambayo wahandisi wake waliweka saketi ya daraja: inalinganisha pande mbili zinazolishwa na betri ileile, hivyo volti ikipanda au kushuka pande zote zinasogea pamoja na mshale haudanganyiki. Zilitengenezewa zebaki, lakini zinakubali 1.55 bila malalamiko.

CR123A, hapa ndipo kamera zinapofia

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, kamera ndogo nzuri zilihamia kwenye lithiamu ya kutupa ya volti 3: CR123A, CR2, au ile ya mraba 2CR5 ya volti 6. Olympus mju II inakula CR123A moja. Contax T2 vilevile. Betri hizi si rahisi kupatikana kila duka, na bei yake inauma, hivyo mtu akiona betri ya kuchaji yenye umbo la CR123A anaichangamkia.

Isome kwanza. Nyingi ya hizo ni lithiamu-ioni, aina moja na ya simu. Zimeandikwa 3.7, na zikitoka kwenye chaja zina 4.2. Kamera iliyotarajia 3 inapewa asilimia 40 zaidi. Kamera inayotumia mbili inatarajia 6 na inapewa 8.4. Mwanzoni utafurahi, kwa sababu mota inazunguka kwa kasi na flashi inajaa upesi. Wengine wametumia hivyo muda mrefu bila ajali. Wengine wamechoma saketi ambayo kipuri chake hakitengenezwi tena popote duniani, na kwa Contax T2 hiyo ni hasara ya bei ya pikipiki chakavu. Mimi siwezi kukushauri ujaribu bahati kwa ajili ya betri moja.

Kuna aina ya lithiamu-chuma-fosfeti yenye 3.2, ambayo ikitulia baada ya kuchajiwa husimama karibu na 3.3, sawa na CR123A mpya. Hiyo kamera inaiweza. Uwezo wake ni mdogo, chini ya theluthi moja ya ile ya kutupa, na lazima iwe na chaja yake maalumu: ukiitia kwenye chaja ya 4.2 unaalika moto. CR123A ya kutupa usiichaji kamwe, hata kama chaja inaipokea.

Mtego uleule upo kwenye umbo la AA. Betri za tochi zilizoandikwa 14500 zinaingia kwenye chumba cha AA kana kwamba zilizaliwa humo, lakini ni 3.7 kila moja. Mbili ndani ya Nikon L35AF ni zaidi ya volti 7 kwenye kamera ya 3. Usizichanganye na zile AA mpya za lithiamu zenye kigeuzi ndani kinachoshusha volti hadi 1.5 kamili; hizo ni salama kwa volti, ila hutoa 1.5 hadi dakika ya mwisho kisha hukata ghafla bila onyo, na vigeuzi vya baadhi yake hujizima flashi inapovuta mkondo mkubwa.

Mwenye kamera kubwa ya lenzi za kubadilisha ana mlango wa pembeni. Canon EOS 300 ya 1999 inatumia CR2 mbili, lakini kishikio chake cha chini, BP-200, kinabeba AA nne. Nikon F80 ina MB-16 inayofanya kazi hiyohiyo. AA nne za nikeli-hidridi hutoa karibu volti 5 zikiwa kazini, pale pale ambapo alkalini nne zingeshuka zikibebeshwa mzigo. Ukikiona kishikio kama hicho kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, kinunue kabla ya kununua lenzi ya pili. Mwenye mju II hana mlango huo. Anunue CR123A halali, ailinde na jua, na kwa kuwa moja humaliza filamu nyingi, gharama kwa kila picha itakuwa ndogo kuliko ya filamu yenyewe.